Ndorobo Ndani ya Kompyuta

Kwa Mzee wa Geti hukuingia moja kwa moja. Ulipiga hodi, akakujibu, "Karibu, lakini ngoja," halafu akakutazama kuanzia mabegani mpaka kwenye pindo la gauni, mbele na nyuma. Kama umebeba kikapu, kikapu nacho kilizungushwa. Ukishapita hapo ndipo shikamoo yako ilipopata marahaba. Mimi ni jirani yake hapa Kanyenye miaka mingi, ua wangu na wake umegawana ukuta mmoja, na bado alinisimamisha. Siku moja nilimwambia, "Mzee, mimi natoka jikoni kwangu, sitoki porini." Akasema, "Jikoni kwako nimekagua lini?" Nikageuka nimwoneshe mgongo. Ungefanyaje?

Alikuwa amestaafu zamani. Kazi yake ilikuwa ukaguzi kwenye geti la ndorobo, barabara ya Ipole, tangu bendera ya Uhuru ikiwa bado mpya mpaka Ujamaa ulipoanza kuchakaa. Watoto wa siku hizi geti hilo hawalijui, kwa hiyo acha nieleze. Ndorobo ni yule nzi wa porini ambaye wengine humwita mbung'o. Huwaletea watu malale, na ng'ombe huwamaliza. Anapenda kitu kinachotembea, na anapenda nguo nyeusi na ya buluu. Gari likitoka porini analifuata, anatua chini kwenye bodi, anasafiri bure mpaka kwa watu. Basi Serikali iliweka mageti. Gari linasimama, mkaguzi anakuja na wavu wake wenye mpini, analizunguka, anainama, anatazama chini ya matairi na kwenye mikunjo ya nguo za abiria. Akimwona mdudu, gari zima linaingizwa bandani.

Banda hilo nalijua. Baba yangu alikuwa dereva wa lori la ushirika, akibeba tumbaku kuileta mjini, na wakati wa likizo alinichukua. Lori lilisukumwa ndani, milango ikafungwa, giza tupu. Mwisho kabisa palikuwa na kidirisha kimoja chenye wavu, kwa sababu ndorobo akifungiwa gizani huufuata mwanga, na pale kwenye mwanga ndipo anaponaswa. Tulikaa mle na harufu ya tumbaku mpaka kichwa kikaniuma, nikaanza kulia. Sauti ya kijana ikaja kutoka nje ya ubao: "Usilie, binti. Ukilia sisikii wanavyoruka." Huyo ndiye. Baba alipotoka alitema mate chini akasema, "Huyu hana rafiki barabarani." Lakini alisema kwa heshima, nilimsikia.

Nilipokua nikahamia Kanyenye na kumkuta jirani, nilimkumbusha siku ile. Hakuomba radhi hata kidogo. Aliniuliza tu kama nakumbuka walikuwa ndorobo wangapi.

Mkewe, Bi Zuhura, ndiye aliyenipa habari zake za ujana, maana yeye mwenyewe alizungumza kwa maneno ya kazini tu. Bi Zuhura alikuwa mtu wa upande wa Ipole, binti wa warina asali, mcheshi asiyejua kunong'ona. Alinisimulia siku ya harusi yao. Lori la bibi harusi lilikuja na ngoma na vigelegele, likafika getini. Bwana harusi hakuwapo, alikuwa mjini anamngoja, lakini alikuwa amemwachia mwenzake maagizo kwamba lori lile lisipendelewe. Mwenzake akaona ndorobo mmoja kwenye turubai. "Nikafungiwa gizani, mwanangu, mimi na mashangazi na mbuzi wa watu," Bi Zuhura alisema. "Hina mkononi. Nikajiuliza, hivi nimeolewa na mtu au na geti?" Alicheka mpaka akakohoa. Mzee alikuwa amekaa palepale, akasema, "Ndorobo alikuwapo." Ndiyo yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," hiyo ndiyo ilikuwa methali yake, na watu wengine wakiisema wana maana ya ndugu mbaya au rafiki mnafiki. Yeye alimaanisha nguo.

Na alikuwa na vituko vyake. Mtu aliyelinda barabara maisha yake yote, barabara yenyewe hakuitumia. Treni alipanda mara moja, akaenda Igalula kuzika, akarudi siku ileile amekasirika. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kule watu wanashuka behewani na mizigo yao, wanaondoka, hakuna anayewauliza kitu. Alikuwa mkali kwa kila kinachoingia mlangoni, lakini kashata za njugu aliziingiza mwenyewe mfukoni mwa kanzu, na daktari alishamkataza sukari. Nikimwambia, anasema hizo zimekaguliwa. Sukari ikamla miguu hivyohivyo. Mwishoni hakuweza kwenda hata msikitini. Alikuwa akikaa chumba cha uani, kiti kimetazama mlango, anaswali hapohapo kitini, anaona kipande cha ukuta na kamba ya kuanikia nguo, basi.

Kompyuta iliingia nyumbani mle kwa sababu ya Bi Zuhura. Aliugua koo. Binti yao ameolewa Maskati, akamchukua mama yake huko kwa matibabu. Wakampasua, wakamwokoa, lakini sauti ikaenda. Mwanamke yule asiyejua kunong'ona! Niliposikia nililia jikoni kwangu kama nimefiwa. Halafu madaktari wakasema kupanda ndege hawezi, na mzee huku kutoka kitini hawezi, kila mtu kafungiwa upande wake. Simu ya mkononi ya siku zile ilikuwa ya sauti tu, na mtu asiye na sauti utampigiaje? Binti ndipo akatuma kompyuta ndogo yenye kamera, nikaombwa mimi niiweke, kwa kuwa nina duka la steshenari hapo mbele. Kila Ijumaa baada ya swala niliiwasha, Bi Zuhura akatokea kwenye kioo, wakazungumza kwa mikono na nyusi. Mzee alijifunza haraka kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anavaa kanzu safi.

Nilipomweleza kwamba mashine nayo huingiliwa na virusi, uso wake ulichangamka, na ilikuwa siku nyingi sijauona hivyo. Alitaka kujua wanaingilia wapi. Nikamwambia kwa flashi, kwa barua za mtandao, kwa vitu vya bure unavyovibofya. Akauliza wanakaa wapi wakiingia. Nikamwambia wanajificha miongoni mwa vitu vinavyoamka pamoja na mashine. "Chini ya bodi," akasema, ameridhika. Tangu siku hiyo kompyuta ikapata geti, na mimi akaanza kuniita Bi Kompyuta. Flashi yangu haikukanyaga. Duka langu hupokea flashi za mji mzima, za wanafunzi, za wachungaji, za maharusi, na yeye alilihesabu kuwa pori. Modemu niliichomeka Ijumaa tu, kisha ikafungwa kwenye kitambaa. Kabla ya kuanza, tulikaa kimya kwanza yeye akisikiliza feni. "Leo inahema," atasema. Au, "Leo imechelewa kuamka." Sikatai, mara nyingine aliona kweli kabla yangu, maana mashine yenye virusi huwa nzito. Na mara nyingine alikosea. Kuna siku alinitoa dukani nimeacha wateja, eti virusi wamejaa, wanakwaruza. Nikafungua kifuniko cha chini nikakuta mjusi. Nilimwekea mezani pale. Akamtazama akasema, "Si alikuwamo?"

Sasa sikiliza jambo lililotokea.

Ijumaa moja nilikuwa nimeitwa msibani Igalula. Nilimchomekea modemu mapema, nikamwacha na mashine yake, binti ndiye angepiga. Niliporudi nikamkuta ametulia kitini, amefurahi. Kwenye kioo kulikuwa na dirisha kubwa jekundu lenye alama ya ngao. Limeandikwa kwa Kiingereza kwamba kompyuta hii imekaguliwa, wamekutwa wadudu, na chini yake majina yao yamepangwa moja baada ya jingine. Kiingereza chake ni cha getini, lakini "inspection" na "found" anavijua. "Amekuja mkaguzi," akaniambia. "Alibisha hodi, akauliza akague. Nikamruhusu. Huyu anajua kazi."

Mtu ambaye hamruhusu hata jirani, alimpokea mwizi kwa sababu mwizi alivaa sare.

Nilijaribu kulifunga dirisha. Halikufungika. Nilijaribu kufungua ile programu ya kamera. Dirisha likasema programu hiyo ina ugonjwa, imezuiwa, kuitoa ugonjwa lazima ulipie kwa kadi ya benki. Nikafungua picha, zimezuiwa. Kila mlango niliogusa ulikuwa na ngao imesimama mbele. Nikamwambia, "Mzee, huyu askari ndiye mdudu mwenyewe. Hii ni programu ya uongo, inajifanya antivairasi."

Hajawahi kunifokea kama siku ile. Akasema mimi nina wivu wa kazi. Akasema duka langu ndilo pori la ndorobo, leo nije nimfundishe yeye ukaguzi? Akasema watu wa lori nao walikuwa wakimwita mwizi, na kumbe alikuwa anawaokoa. Nami sina subira, nilimjibu vibaya, nikachukua mtandio wangu nikaenda. Ijumaa iliyofuata ikapita bila Bi Zuhura. Na nyingine ikapita. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akiiambia kompyuta, kwa sauti ya taratibu, "Maliza basi, kaka. Maliza tupite."

Halafu binti akanipigia simu mimi. Mama amedhoofika. Anakula kwa mpira sasa, madaktari hawasemi neno la kueleweka, na kila Ijumaa amekaa mbele ya kompyuta iliyozima. "Baba amekasirikia nini?" aliniuliza. Nikavaa kandambili nikaenda kwa mzee, na kizingitini sikusimama. Nilipita.

Nilimpa habari. Nikamwambia nitaleta kompyuta ya dukani sasa hivi, aongee na mkewe leo. Akakataa. "Ya kwako imeguswa na kila mtu. Akaunti ya binti yangu ikiingia humo, na yeye huko atapata." Hofu yake si ya kipumbavu, niseme ukweli, lakini nilitamani kumtikisa. Nikamwambia basi niisafishe hii yako. Akaitazama ile ngao nyekundu. Akauliza, na sasa hakuwa na ukali, "Wewe umejuaje kwamba ni mwongo?"

"Kwanza anaomba pesa," nikasema. "Pili anakufungia vitu vyako mwenyewe. Na tatu, hebu angalia." Nikaizima kompyuta, nikaiwasha. Kabla hata ya kuamka vizuri, dirisha likaruka na orodha ileile ya wadudu. "Umeona? Ukaguzi wa kweli unachukua muda, wewe mwenyewe unajua, unazunguka, unainama. Huyu amewaona saa ngapi? Ametaja wadudu bila kutazama."

Akaegemea kiti. Nilidhani amechoka. Halafu akaniambia habari ya mama mkwe wake, na nimeishi naye ukuta kwa ukuta sijawahi kuisikia.

Ilikuwa wakati wa operesheni ya kuwahamishia watu vijijini. Kijiji kipya kilipangwa kando ya barabara, upande huu wa geti. Mama yake Bi Zuhura alitolewa kwake, upande ule wa pori, akaletwa kijijini na sufuria zake. Kule alikuwa ameacha kaburi la mumewe na mizinga ya nyuki. Wazee wakawa wanatoroka kurudi. Bwana mmoja wa juu akapita getini akamwambia mkaguzi kwamba asiruhusu mtu kurudi nyuma, na asitake maneno, atumie ndorobo. Basi mtu akija na mzigo wake anaelekea porini, anaambiwa una ndorobo, rudi. Akarudi. Nani atabishana na malale?

"Lakini geti la ndorobo humkagua anayetoka porini," nikasema. "Anayekwenda porini unamkagua nini?"

"Kila mtu alijua hilo," akasema. "Hakuna aliyelisema."

Siku moja akaja mama mkwe. Amevaa kaniki yake, amebeba kibuyu na kisu cha kurinia, ni msimu wa asali. Na kwa watu wetu mkwe hatazamwi usoni. Mkwe humsogelei, humgusi, wala huwezi kumpitishia wavu mwilini, bora ufe. Alimwona miguu tu. Akageukia pembeni, akaambia mti, "Mama ana ndorobo kwenye kaniki. Arudi." Mama hakujibu, maana naye alikuwa na heshima zake. Alikaa chini kando ya kizuizi mpaka jua likapinda, akidhani labda zamu itabadilika. Halafu akarudi kijijini. Masika yale yakamkuta hukohuko, akafa, akazikwa kwenye mpango wa nyumba mpya. Mizinga yake wakairina wengine.

"Zuhura aliniuliza mara moja tu," akasema. "Aliuliza, ulimwona? Nikasema nilimwona ndorobo. Hakuuliza tena." Alikuwa akiisugua mikono kwenye magoti yasiyosikia kitu. "Sikutazama, Bi Kompyuta. Nilisema bila kutazama. Nataka nimwambie, na nataka nimwone uso akisikia. Kwa simu atanijibu nini? Hana sauti. Isafishe kabla ya Ijumaa."

Nilifunga duka. Wateja waliniita majina, wacha waite. Kwanza niliing'oa modemu, mwizi asipate pa kupigia mbiu. Nikaiwasha mashine kwa ile hali ya salama, inayoamsha vitu vichache tu, na humo ngao haikuweza kusimama. Nikafungua orodha ya vinavyoamka na mashine. Kimoja kilikuwa na jina la herufi zilizorundikwa ovyo, kimeingia Ijumaa ile niliyokwenda msibani. Nikakizuia kisiamke, nikamfuata mdudu kwenye folda alimojificha, nikamfuta, nikakuta amezaa mwingine pembeni, nikamfuta na huyo. Halafu nikaleta antivairasi ya kweli niliyoichoma kwenye diski, nikaiacha ipite kila mahali, taratibu, tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Mzee hakuondoa macho. Kila ilipokamata kitu aliinamisha kichwa. Hakusema huyu anajua kazi. Nilibadilisha na pasiwedi, nikampigia binti kwa simu nikamwambia naye abadilishe yake. Picha zilirudi. Moja ilikuwa ya Bi Zuhura akicheka, mdomo wazi, zamani za sauti yake. Akaniambia niifunge.

Ijumaa nilichomeka modemu. Kanzu safi alishaivaa asubuhi. Simu ya binti ikaita kwenye kioo, kidirisha kidogo cha kijani kikauliza tupokee au tukatae, na mkono wa mzee ukasimama juu ya kipanya. Kinaita, yeye habofyi. "Na huyu?" akaniuliza. Kikakatika. Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia, "Mzee, ni mwanao. Nimeongea naye sasa hivi." Kikaita tena. Akabofya mwenyewe.

Bi Zuhura alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mpira puani, amekwisha. Ningempita njiani nisingemjua. Macho tu ndiyo yake. Walitazamana kwa muda. Kisha mzee akaanza kusema, kwa Kinyamwezi, nami nilitaka kutoka akanishika kanga nisitoke. Hakuzunguka. Alisema habari ya kaniki, alisema habari ya miguu, alisema hapakuwa na ndorobo. Alisema, "Nilimfungia mama yako nje ya kwake, na nikakudanganya wewe maisha yako yote." Akakaza macho kwenye kioo kungoja.

Bi Zuhura hakugeuza uso. Aliinua mkono uliojaa plasta za sindano, akaurusha nyuma ya bega polepole, vile tunavyofanya tukisema jambo la zamani, zamani sana. Kisha akagusa kifua chake, akagusa jicho. Alijua. Tangu siku aliyouliza alikuwa anajua. Halafu akakusanya vidole akavipeleka mdomoni, yeye anayelishwa kwa mpira, akamwelekezea mumewe kidevu: umekula?

"Bado," mzee akasema.

Bi Zuhura akakunja uso, akapunga mkono kwa hasira, nenda ukale. Picha ikaganda hapo, mtandao ukakata.

Haikufika Ijumaa nyingine. Tulimsomea dua hapahapa uani, kaburi lake liko huko ng'ambo, na mzee hatalifikia kamwe.

Bado yuko kitini, bado ananisimamisha mlangoni nikimpelekea chakula. Leo ameniambia tena lile lile analoniambia kila mara, kwamba alikiri mbele yangu, na mkewe akaondoka bila kumjibu. Nimechoka kubishana naye. Mimi nilikuwepo, na nimekaa na mume wangu miaka mingi, jibu la mwanamke nikiliona nalijua. Nimemwekea sahani magotini nikamwambia, "Alikuuliza umekula. Kula."